Nyumbani Wazima?

Mama aliuliza habari za ndege kabla hajauliza habari za mkono wake.

Ilikuwa Ijumaa jioni, wodini pale hospitali ya KCMC, Moshi, siku ya pili tangu tumpakie kwenye Noah ya jirani kule Kibosho tukateremka naye mvua ikiwa imeziba kioo. Upande wake wa kulia ulikuwa umelegea. Maneno yalimtoka mazito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Nilikuwa na mtori kwenye chupa ya chai, namlisha nusu kijiko nusu kijiko kwa upande wa kushoto, kama nesi alivyonionyesha. Akameza. Akapumzika. Akanitazama.

"Ile ndege... mmeshalipia?"

"Tumelipia, mama. Usijali, kuna bima."

Akafumba macho, uso ukalainika. Nikamshukuru Mungu kwamba katika siku mbili zile nilikuwa nimepata angalau neno moja la kumtuliza.

Neno lile ndilo ambalo kwa wiki kadhaa sasa linaniamsha usiku.

Masika

Kazi yangu ni kupokea wageni wa mlimani, kwa hiyo likizo yangu huwa masika, njia zikiwa matope na simu za ofisini zimenyamaza. Mdogo wangu anaishi Utrecht, Uholanzi. Tangu aolewe huko hatujawahi kukanyaga kwake. Mimi na mume wangu tuliweka akiba miaka miwili, na Januari tukakata tiketi mbili za kutoka uwanja wa ndege wa KIA hadi Amsterdam kwa kuunganisha, kwenda na kurudi, shilingi 2,460,000 kila moja. Kwa mishahara yetu hiyo si fedha ya kutamka haraka.

Bima hatukuikata kwa sababu ya busara. Tuliikata kwa sababu ya viza. Viza ya Schengen huipati bila bima ya safari yenye kinga ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, pamoja na gharama za kukurudisha nyumbani ukiugua au ukifia huko. Sharti linaishia hapo. Wanaotoa viza hawajali kama nauli yako itapotea usiposafiri, na bima nyingi za bei ya chini zinazouzwa kwa ajili ya viza hazigusi jambo hilo hata kidogo.

Kijana wa wakala, hapa Moshi mjini, ndiye aliyetuambia kwamba tukiongeza kama shilingi 40,000 kila mmoja tutapata na kipengele cha kufuta safari. Msafiri akiugua, au ndugu wa karibu akiugua sana au akifariki, gharama zilizolipwa zinarudi. Tukaongeza. Nilitoka pale ofisini nimetulia, nikaiweka ile karatasi kwenye bahasha moja na pasipoti, na sikuifungua tena hadi mama alipoanguka.

Jumatano au Jumamosi

Ndege ilikuwa ya Jumatano. Ijumaa ile usiku tulikaa kwenye benchi nje ya jengo la wodi, mimi na mume wangu, tukibishana kwa sauti ya chini.

Yeye alitaka tusubiri hadi Jumanne. Daktari alikuwa amesema siku tatu za mwanzo ndizo zitakazoonyesha mwelekeo. Tena alikuwa na hoja ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwa miaka ya kumsimulia mambo ya kazini: shirika la ndege likifuta safari lenyewe, hesabu inageuka. Hata tiketi iliyoandikwa kwamba hairudishwi, hapo una haki ya kudai nauli yako. Ukiwahi kufuta wewe, umeshajitoa. Sasa kwa nini tusingoje, huenda ratiba ikabadilika?

Hoja ilikuwa ya kweli. Lakini bima ina saa yake nyingine. Mkataba wetu ulisema tufute mara tu tunapojua hatutasafiri. Tukichelewa na gharama ya kufuta ikapanda, tofauti tunaibeba sisi. Na lililonitisha zaidi ni lile la ndege kuruka tiketi zikiwa bado hai na sisi hatupo. Abiria asiyetokea uwanjani hupoteza safari ya kwenda, mfumo unamfutia na ya kurudi, na mara nyingi hata kile kidogo ambacho angerudishiwa kinapotea.

Mdogo wangu ndiye aliyetukata maneno. Alipiga saa nne usiku, analia, akasema, "Dada, msije. Mimi ndiye ninayekuja." Tulikuwa tumesahau kwamba mama ni wake pia.

Jumamosi asubuhi nikawa mezani kwa yule kijana. Aliniwekea njia mbili. Ya kwanza, kubadili tarehe: dola 150 kwa kila tiketi pamoja na tofauti ya nauli kama ipo, na safari ifanyike ndani ya mwaka mmoja tangu tiketi zilipotolewa. Ya pili, kufuta: nauli inaondoka, kodi zinarudi.

"Futa," nikamwambia. "Bima italipa."

Sikufikiri hata dakika mbili. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko barua iliyokuja baadaye, kwa sababu naamini ndipo hasa fedha zetu zilipopotelea. Kwa dola 300 tungebaki na tiketi mbili hai hadi Januari. Namba ya simu ya kampuni ya bima ilikuwa imeandikwa ukurasa wa kwanza wa mkataba, na hakuna kilichonizuia kupiga kwanza na kuuliza, jamani, mama amepata kiharusi, je, mnalipa? Lakini nilikuwa na usingizi wa siku mbili na nilikuwa na lile neno.

Mistari ya chini ya tiketi

Wengi wetu tunaisoma tiketi kama bei moja. Ukiiomba hesabu yake kwa mistari utaona ni kapu lenye vitu vingi. Juu kabisa kuna nauli yenyewe. Chini yake, mara nyingi, kuna ongezo lenye herufi YQ au YR, ambalo limepangwa pamoja na kodi na linafanana na kodi, ila linakwenda kwa shirika la ndege, na kwa tiketi isiyorudishwa kwa kawaida nalo halirudi. Baada ya hapo ndipo zinakuja tozo za kweli za serikali na viwanja: huduma ya abiria, usalama, na kadhalika, za kila kiwanja unachopitia.

Hizo za mwisho zinadaiwa kwa sababu umepita. Kama hukupita, kwa kawaida unazirudishiwa, hata kama nauli imekufa. Ila hazirudi zenyewe. Lazima ziombwe, na ninajua kwa macho yangu kwamba watu wengi hapa kwetu wanaambiwa "tiketi yako hairudishwi" wanainuka na kwenda zao, wakiacha laki mbili, laki tatu mezani.

Zetu zilikuwa 287,000 kwa kila tiketi. Wakala alikata 30,000 kila moja kwa kazi yake. Baada ya wiki saba tulipokea shilingi 514,000, kati ya 4,920,000 tulizolipa. Ada ya viza, ambayo tangu Juni 2024 ilipanda kutoka yuro 80 hadi 90, hairudishwi kwa sababu tu hukusafiri.

Wageni wetu wa Marekani wana sheria zinazowapa nafasi ambazo sisi hatuna. Ndege inayotoka au kuingia Marekani, ukiikata siku 7 au zaidi kabla ya kuruka, shirika linatakiwa kukupa saa 24 za kubadili mawazo bila kukatwa kitu, au kukushikia nafasi kwa muda huo bila kulipa. Na kule wanauziwa bima ya kufuta safari kwa sababu yoyote ile. Ni ghali zaidi, inakatwa ndani ya siku chache tangu malipo ya kwanza, na kwa kawaida inarudisha kati ya asilimia 50 na 75, lakini hakuna anayekuuliza mama yako anaumwa nini. Mgeni wangu mmoja wa Chicago aliahirisha kupanda mlima kwa kuwa binti yake alibadili tarehe ya harusi, akalipwa asilimia 75. Nilimfurahia wakati ule. Nimemkumbuka sana mwaka huu.

Fomu ya daktari

Faili la madai nililiandaa kwa uangalifu wote wa kazi yangu. Tiketi zisizotumika, risiti, uthibitisho wa shirika la ndege kwamba safari imefutwa na kiasi gani kimerudi, nakala za pasipoti, cheti changu cha kuzaliwa kuonyesha kwamba mgonjwa ni mama mzazi. Ikabaki fomu ya daktari.

Daktari alikuwa kijana, mpole, amechoka. Akauliza kama nina kadi ya kliniki ya mama. Ninayo. Mama huiweka kwenye mfuko wa nailoni uliokunjwa mara tatu na kufungwa kwa mpira, pamoja na picha ya baba. Nikaufungua mbele yake. Kadi ilikuwa imelainika kama kitambaa. Safu za tarehe, safu za namba, wino wa bluu, mweusi, kijani, wa manesi wa miaka mbalimbali. Mstari wa Desemba ulisomeka 172/104. Pembeni yake mtu alikuwa ameandika amlodipini 5, akaikata kwa mstari mmoja, juu yake akaandika 10.

Daktari akanakili kwenye fomu: presha tangu 2016, dozi imeongezwa Desemba. Akanigeuzia karatasi niione kabla ya kugonga muhuri. Nikaiona. Sikuona ubaya wowote.

Kwetu kusema "mama ana presha" ni kama kusema mama anatumia mkono wa kushoto. Ni habari yake, si habari. Mama wa jirani anayo, mama mkwe anayo, padri anayo. Anakunywa kidonge asubuhi na chai, anapalilia migomba, anapanda na kushuka korongo la kihamba kuliko mimi. Neno mgonjwa tunamwekea mtu aliyelala.

Barua ilikuja wiki ya nne. Aya mbili, Kiingereza. Kiharusi kimetokana na maradhi yaliyokuwepo kabla ya bima kukatwa. Dawa zilibadilishwa ndani ya miezi 6 kabla ya tarehe ya mkataba. Na kwenye ukurasa wa tatu wa fomu ya maombi, swali la afya za wasafiri na ndugu wa karibu ambao hali zao zinaweza kuathiri safari lilijibiwa "hapana", chini yake kuna saini yangu. Madai hayatalipwa.

Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, na nilichohisi kwanza hakikuwa uchungu wa fedha. Nilihisi nimeitwa mwongo.

"Wazima, tunamshukuru Mungu"

Nikaitafuta fomu. Kweli, ukurasa wa tatu, tiki iko kwenye "hapana". Imepigwa na kompyuta, siyo kwa mkono wangu. Saini ni yangu.

Mimi sikukumbuka kuulizwa. Ndipo nilipopanda bodaboda hadi kwa wakala, na nakiri nilikwenda nimejiandaa kugomba.

Kijana alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa ameumia pia, ilionekana machoni. Akasema kwa adabu, "Dada, nilikuuliza. Nilikuwa najaza hapa, nikakuuliza, nyumbani wazima wote? Ukanijibu, wazima, tunamshukuru Mungu."

Nikakumbuka.

Nilikuwa natafuta kalamu kwenye mkoba. Alikuwa anaangalia kompyuta. Alisema "nyumbani wazima?" na mimi nikajibu kama ninavyomjibu muuza ndizi, kama ninavyomjibu shemeji kwenye simu, kama kila mtu aliyelelewa vizuri anavyojibu hata akiwa ametoka kuzika juzi. Wazima. Hatujambo. Tunamshukuru Mungu. Matatizo yanakuja baadaye, baada ya salamu, kama yanakuja. Na yeye akachukua salamu yangu akaigeuza tiki.

Hakudanganya. Na mimi sikudanganya.

Kinachoniuma ni kwamba kazini mimi ndiye ninayeuliza. Kila mgeni anayepanda Kilimanjaro anajaza fomu yangu: pumu, moyo, kisukari, presha, upasuaji wa karibuni. Nawaandikia wahakikishe bima yao inafika mita 5,895, kwa sababu mikataba mingi ya kawaida inaishia chini ya hapo. Wanaopitia Zanzibar nawaeleza kwamba ile bima ya dola 44 ambayo tangu Oktoba 1, 2024 kila mgeni wa nje anapaswa kuikata kwa Shirika la Bima la Zanzibar, ya siku 92, ni ya yatakayowakuta wakiwa visiwani. Wasipofika kabisa, nauli yao haimo humo. Mgeni akiniandikia "afya nzuri" tu, namrudishia fomu. Namwambia, jibu kila mstari.

Kwa Kiingereza, swali la afya kwangu ni swali. Kwa Kiswahili ni salamu.

Nimelizungusha hili wiki nyingi. Je, kama kijana angenigeukia, akasema, dada, hili siulizi kwa salamu, mama yako anatumia dawa yoyote, nani alibadilishiwa dawa miezi sita iliyopita? Ningejibu nini? Ningependa kuamini kwamba ningesema presha. Lakini pia naijua sauti ambayo ingenijia kichwani: kwa nini umtaje mama kwenye karatasi ya safari ya raha, unamwitia nini? Na hata ningesema, huenda kampuni ingeniambia kiharusi cha mama hakimo, au niongeze fedha. Tofauti ni kwamba Jumamosi ile, mezani kwa wakala, ningejua. Nisingesema "futa".

Kifungu cha tisa

Kisheria nilikuwa na pa kwenda. Unaanza kwa kulalamika kwa kampuni yenyewe kwa maandishi. Ikikukatalia, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ipo TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni zote za bima nchini. Malalamiko niliyaandika kurasa mbili. Kampuni ikajibu kwamba saini ni saini. Nikaanza barua ya kwenda kwa Msuluhishi.

Kisha ikafika Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Naishi Moshi mjini, Soweto, lakini kikundi changu cha kina mama ni cha nyumbani Kibosho. Mimi ni katibu. Tunakutana baada ya misa, tunachangia, na mwanachama akifiwa au akiuguliwa kwa kulazwa tunamtolea kiasi kilichopangwa. Katiba yetu ina vifungu vinavyotaja ni nani anahesabiwa: mume, mtoto, wazazi wa pande zote mbili. Shangazi hayumo, hata aliyekulea, na juu ya hilo tuliwahi kubishana vikao vitatu. Kifungu cha tisa kinasema mzazi anatambulika baada ya miezi mitatu tangu jina lake liandikwe.

Jumapili ile alisimama mwanachama mmoja mpya kidogo. Baba yake alikuwa amelazwa hospitali ya Mawenzi wiki mbili. Akaomba tumwandike, na tumtolee.

Mwenyekiti akanitazama mimi. Nikafungua daftari. Kwenye ukurasa wake, nafasi ya baba ilikuwa tupu. Nikamuuliza kwa nini hakumwandika alipojiunga. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kwao kuandika jina la mzee aliye hai kwenye daftari la misiba ni uchuro. Aliogopa.

Nikasema, "Dada, pole sana. Lakini katiba hairuhusu kumwandika mtu akiwa tayari kitandani. Tukifungua mlango huo mfuko utaisha."

Niliisikia sauti yangu. Ilikuwa ileile ya barua, aya mbili, ila kwa Kiswahili.

Wala sikukosea. Kila mama aliyekuwa pale alijua kwamba sikukosea, hata yeye. Mfuko wa watu thelathini hauwezi kumwandika mgonjwa leo na kumlipia leo. Wa watu laki moja nao hauwezi. Tulichofanya ni kuvua kitenge kimoja, tukakitandika katikati, kila mtu akaweka alichokuwa nacho. Mtu wa elfu mbili, mtu wa elfu kumi. Zilifika elfu tisini na sita. Hazikutoka kwenye mfuko. Zilitoka kwetu.

Kampuni haina kitenge cha kutandika. Ina kurasa tu. Kwa hiyo yaliyomo kwenye kurasa yanapaswa kuulizwa kwa namna ambayo mtu anaelewa kwamba anaulizwa.

Barua niliyoituma

Barua ya kwa Msuluhishi sikuimaliza. Mume wangu hakubaliani nami hadi leo. Anasema wakala ni mkono wa kampuni, na kama mkono haukuuliza vizuri, mwili ulipe. Huenda ana haki. Siku moja moja huwa namkubalia kuanzia asubuhi hadi mchana.

Niliyoituma ilikwenda kwa kampuni, nakala kwa wakala. Sikudai fedha. Nilidai ukurasa wa tatu utafsiriwe, usomwe kwa sauti kwa mteja swali kwa swali, na mteja apige tiki kwa mkono wake mwenyewe, mtu asimpigie. Niliandika pia kwamba neno "maradhi" peke yake halitoshi kwa mtu wa Kibosho, waulize "anatumia dawa gani kila siku". Ukiuliza hivyo hakuna mama atakayesema hakuna.

Kampuni haijajibu. Kijana amejibu. Alinipigia akasema siku hizi anasitisha kazi ya kompyuta, anamgeukia mteja, na anaanza kwa kusema, sasa hili si salamu.

Mfuko wa nailoni

Mdogo wangu alikuja, akakaa wiki tatu, akarudi. Mama yuko nyumbani. Anatembea kwa fimbo, maneno yamerudi karibu yote, na amepewa mpira wa tenisi wa kufinya kwa mkono wa kulia, mara hamsini asubuhi, mara hamsini jioni. Anauhesabia kwa sauti, Kichaga.

Tumeanza kuweka akiba tena. Safari hii nimemwomba kijana anipe fomu ya bima mapema kabla hatujakata tiketi yoyote, ili kampuni itujibu kwanza kama mama yumo, hayumo, au yumo kwa kuongeza fedha. Jumamosi iliyopita nilipanda nayo Kibosho. Tulikaa uani, chini ya migomba, yeye na mpira wake, mimi na karatasi. Nikamsomea lile swali, nimelitafsiri mwenyewe.

"Unaniuliza wewe, au inaniuliza karatasi?" akasema.

"Karatasi, mama."

Akaacha kufinya. Akaniagiza ule mfuko wa nailoni uliokuwa kwenye kabati, akaufungua mwenyewe, ule mpira wa kufungia ukimsumbua vidole, akaikataa mikono yangu nilipotaka kumsaidia. Akatoa kadi akaiweka juu ya goti.

"Andika ndiyo," akasema. "Andika presha, tangu lini, isome hapo. Andika na huu mkono." Kisha akafikiri kidogo. "Na uandike kwamba dawa nakunywa. Kila siku. Hilo nalo waliandike."